Ombi la Kumkabidhi Shemeji Mtihani Wangu wa Jumamosi

Mheshimiwa Mkuu wa Shule ya Biashara,

Kichwa cha barua hii kimeandikwa na mtu mwenye akili timamu. Jioni mimi ni mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili, mchana ni ofisa wa madai katika kampuni ya bima, na, kwa mujibu wa cheti cha ndoa, ni mume na baba. Nalalamika kwa sababu nilifuata mafundisho yenu neno kwa neno.

1. Mhadhiri wa Uongozi alitufundisha kwamba kiongozi bora hukasimu madaraka, yaani huwaachia wengine kazi wanazoziweza. Darasa zima liliandika; mimi peke yangu nilitekeleza. Shemeji yangu, fundi friji, mdogo wake mke wangu anayeishi nasi, nilimkasimia kumpeleka binti yetu shule, kusoma matangazo ya mwalimu wake na kubadilisha balbu. Mke wangu, muuguzi wa zamu, nilimkasimia yaliyobaki. Vitabu vyenu viliahidi kipindi cha misukosuko. Hakikutokea. Mambo yalinyooka tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyenitafuta. Hiyo ni dosari ya mtaala.

2. Mke wangu, ambaye hajawahi kukanyaga darasa lenu, sasa huniita Bwana Meneja. Nilipouliza kwa nini sikuwekewa chakula, alijibu bila kuinua macho kwamba Bwana Meneja amtafute mtu wa kumkasimia njaa yake. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa.

3. Kazini nilimwachia mwenzangu wa meza ya pili mafaili ya ajali ili nisome sura ya saba. Bosi akaniuliza, kwa upole unaotisha, kama na mshahara wangu auelekeze meza ya pili. Nimepekua sura ya saba yote. Swali hilo halimo.

4. Wiki iliyopita binti yangu alinifungulia mlango, akaniamkia shikamoo anko, kisha akamwita mama yake kwamba kuna mgeni. Nililimeza. Lakini shuleni kwao kuna mchezo wa kuigiza, naye ni mti. Mti huo hausemi neno, ila ameniahidi kwamba utatikisika kuelekea upande nitakaokaa. Ni Jumamosi asubuhi, saa ileile ya mtihani wenu wa Uongozi. Mazoezi yamepamba moto: Jumamosi iliyopita, niliporudi kutoka kwenye kazi ya kikundi, nilimkuta amelala kochini na majani ya karatasi nyweleni.

Kwa hiyo naomba mtihani usogezwe. Ikishindikana, shemeji aufanye kwa niaba yangu. Kama mafundisho yenu ni ya kweli, kuketi kwake pale ni ushahidi kwamba nimeelewa somo, na nastahili alama zote. Kama si ya kweli, mnatutahini nini? Ni kweli shemeji hajasoma uongozi popote, ila nyumba nzima humsikiliza, jambo ambalo mimi bado nalifanyia utafiti.

Nisalimie mhadhiri wa Uongozi, karani wa mitihani, na hasa mlinzi wa getini, anayenifahamu kuliko majirani zangu.

Wako katika utekelezaji,
Mwanafunzi wa Jioni, kiti cha mbele

Tanbihi: Nimempa shemeji aipitie barua hii, kwa kuwa kupitia barua pia nimemkasimia. Ameirudisha bila kusahihisha kitu. Anasema onyesho lilikuwa Jumamosi iliyopita. Tangazo alinisomea nikiwa kwenye kompyuta, nami nikamjibu sawa, nenda wewe. Akaenda. Anasema mti ulitikisika pande zote.

Kwa hiyo sababu ya kusogeza mtihani haipo tena. Naomba usogezwe hivyo hivyo.