Majivu kwa Mkono Mwepesi

Kwako Ndugu Mhariri wa ukurasa wa bustani,

Salamu nyingi, na hasira kiasi. Mimi ni kinyozi. Mama alipokwenda kumuuguza dada yangu aliniachia bustani yake ya vitunguu, mchicha na nyanya, akaniomba kitu kimoja tu: nisijitie ujuzi. Nilimtii mpaka niliposoma makala yenu iliyosema majivu ya kuni hufaa udongo, "yanyunyizwe kwa mkono mwepesi". Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtaa mzima unajua kwamba mkono wangu ni mwepesi. Wateja husinzia nikiwanyoa. Niliposoma maneno yale niliona nimetajwa mimi, nikaenda kwa mwoka mikate kuomba majivu ya tanuri, nikarudi na gunia. Niliyamwaga kwa wepesi mkubwa, kila asubuhi. Mngeandika "kidogo" ningeelewa.

2. Mchicha ulipogeuka manjano nilikumbuka kwamba dawa ya moto ni moto, nikaongeza. Nyanya nazo zikalala chali. Methali hiyo mlipaswa kuikanusha mapema.

3. Upepo ulihamishia majivu kwenye sare nyeupe za jirani yangu muuguzi, alizokuwa ameanika. Sasa ananiita Bwana Vumbi. Nyusi zangu nazo zilijaa majivu hata mteja aliyenizidi umri akaniamkia shikamoo. Niliitikia, Mungu anisamehe.

4. Mama anarudi Jumamosi. Marehemu baba alikuwa mkulima hodari, na watu wakinitazama husema moto huzaa majivu. Sasa nimewapa ushahidi wa kuzoa kwa koleo. Naogopa, Ndugu Mhariri. Mama hagombi, hunyamaza tu, kisha hukupokonya jembe taratibu. Hilo la jembe ndilo nisilotaka.

Kwa hiyo naomba mwombe radhi kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi nene, mkieleza kwamba kinyozi hana hatia. Ikishindikana, njoo mwenyewe Jumamosi usimame katikati ya matuta, Mama akukute wewe kwanza. Kofia ya jua nitakuazima.

Wasalimie wapiga chapa, mfagizi wa ofisi na yule aliyeandika makala, ingawa yeye msalimie kwa ukavu.

Ni mimi, msomaji wako mwaminifu hadi mwezi uliopita,
Kinyozi

Tanbihi: Sijaifikisha barua posta, Mama kaingia mapema. Alipita matuta yote kimya, akasimama kwenye la mwisho, kando ya ukuta, ambako vitunguu vimenenepa na majani yamekoza kijani. Akauliza hapa niliweka nini. Nikasema ukweli: majivu yaliniishia, nikalikung'utia gunia tupu. Jembe hakunipokonya. Alilitazama tuta, akanitazama mimi, akasema, "Moto huzaa majivu, mwanangu. Shukuru gunia liliisha."