Majoho Manane na Uzi Mwekundu

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Mlima hauonekani kabisa, utadhani umehama Nyeri. Wateja: mmoja. Alitaka kuonyeshwa kwa Dedan ni wapi.

Nikamwonyesha. Ni ng'ambo ya barabara, pale penye foleni.

Sielewi. Mimi na Dedan tulijifunza ushonaji kwa fundi mmoja, cherehani zetu zikitazamana, na mishono yake mingi niliifumua mimi. Leo ana wafuasi elfu arobaini Tiktok. Kwa kufanya nini? Anashona gauni la kitenge, bibi harusi analivaa, anacheza ngoma ya mugithi mbele ya taa ya mviringo, imeisha hiyo. Watu wa Murang'a wanaona, watu wa Karatina wanaona, wanafunga safari. Mimi nina wafuasi kumi na mmoja. Watatu ni wa nyumbani kwangu, na mmoja nashuku ni Dedan kwa jina lingine.

Na si kwamba sijajaribu. Jana nilirekodi video ya dakika nane, nikieleza jinsi ya kutia bitana kwenye koti. Binti yangu Aaliya alitazama kidogo akasema hakuna kinachotokea. Nikamwambia angoje dakika ya sita. Hakungoja.

Jioni mke wangu Nadhira akanikalisha. Duka ni urithi wake kutoka kwa marehemu babake, kwa hivyo akinikalisha, nakaa. Akasema Dedan anataka kukodi nusu ya mbele, upande wa dirisha, maana wateja wake wananyeshewa kwenye foleni. Nikacheka. Nadhira hakucheka. Amenipa wiki mbili. Jumatatu ya tarehe kumi na nane ikifika bila wateja wa kueleweka, dirisha ni la Dedan, na mimi nihamie nyuma karibu na choo.

Dirisha langu! Miaka ishirini na miwili niko kwenye dirisha hilo. Nikishikwa na mafua, mji mzima unajua.

Jumanne, 5 Agosti

Alhamdulillahi, kazi imepatikana.

Muriithi, fundi wa simu wa mlango wa pili, ana ngurario yake Jumamosi nyumbani kwa kina Murugi, mchumba wake, nje kidogo ya Kiganjo. Ngurario ndiyo siku ya kukata bega la mbuzi. Ukilikata, umeoa. Lakini kabla ya kisu, bibi harusi hufunikwa gubigubi pamoja na wanawake wengine, wanapangwa mstari, na bwana harusi anaambiwa amtoe wake. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa. Faini hulipwa ikaisha. Kicheko hakiishi.

Msimamizi ni Njoki, shangazi yake Murugi. Alikuja kuniuliza kama nina leso za kufunikia wasichana. Nikamwambia leso zimepitwa na wakati, siku hizi watu wanashonewa majoho, yenye kofia na mikono mirefu, hadi chini, hata kiatu kisionekane. Niliyatunga hapo hapo nikiwa nimesimama. Akayapenda. Majoho manane. Sharti moja tu: "Zifanane, Harun. Hata mamake asijue gani ni ya nani." Nikaapa.

Alipokwisha kutoka ndipo nikakumbuka kuuliza kuhusu nguo ya bibi harusi yenyewe. Nikamkimbilia mpaka barabarani. Anashona Dedan.

Kwa hivyo Dedan anashona nguo, na mimi nashona cha kuificha. Nilikaa na jambo hili kwa muda, sikulielewa.

Kisha nikaona mwanga. Kitakachotokea kwanza kwenye video za siku hiyo ni nini? Joho. Basi kila joho litakuwa na lebo ukosini: Harun Fundi wa Mavazi, Nyeri, na nambari ya simu. Na joho la Murugi nitalishona kwa ile sufu nzito niliyojiwekea ya koti langu. Litaanguka vizuri mwilini, watu wasahau kabisa kuna gauni chini yake. Rangi ni ile ile ya kahawia. Kwa macho yatafanana. Niliapa kuhusu macho, sikuapa kuhusu uzito.

Alhamisi, 7 Agosti

Muriithi alikuja dukani akafunga mlango nyuma yake. Akasema, "Mzee Harun, niko na shida." Kumbe kakake alikosea kule Mukurwe-ini miaka mitatu iliyopita, akamshika binamu ya bibi harusi. Hadi leo, akienda kwa wakwe, wanamuuliza kama ana hakika hiyo sahani ni yake. Muriithi halali. Ananiambia amemjua Murugi miaka minne, lakini akiwa na wasiwasi hamtambui hata mamake mzazi.

Nikamhurumia, kwa kweli. Pia nikakumbuka kwamba MC wa siku hiyo anafuatwa na nusu ya kaunti huko Tiktok. Tukaelewana. Mimi nitatia mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye pindo la joho la Murugi, mbele, upande wa kushoto. Yeye atanitengea nafasi ya mbele kabisa, kamera ziniguse. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamwapia.

Sasa nimeapa mara mbili. Nilijaribu kutazama kama viapo vinagongana. Njoki anataka majoho yafanane: yanafanana. Muriithi anataka alama: alama ipo. Sikuona shida yoyote. Kazi ya fundi ni kuridhisha wateja.

Ijumaa, 8 Agosti

Majoho yamekamilika. Baada ya swala ya Ijumaa nilimwonyesha Aaliya nitakavyosimama kesho. Akasema nimesimama kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Akanieleza kuhusu jamaa fulani wa Karatina mwenye wafuasi laki moja. Kazi yake ni kulala. Anawasha simu, anavuta blanketi, analala, na watu wanamtumia maua. Nikauliza maua gani. Ya kwenye simu. Nikauliza anayaweka wapi. Aaliya akaniambia nisijisumbue na hayo. Nimejisumbua nayo mpaka sasa. Mimi nalala tangu nizaliwe na hakuna aliyewahi kunitumia hata jani.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimefunga mapazia. Ni saa kumi na mbili jioni tu.

Mambo yalianza vizuri. Manyunyu na baridi ya Kiganjo, lakini turubai lilikuwa zuri, na mimi nilikuwa mbele kabisa, kanzu imepigwa pasi. Nilikula mukimo na maharagwe ya njahi, nyama nikaiacha maana sikujua aliyechinja. Dedan alikuwa upande wa pili na simu yake na ile taa. Alinipungia mkono. Nikampungia kwa majivuno.

Jambo ambalo sikulijua lilikuwa likitendeka jikoni. Mmoja wa wale wanane wa mstarini hakuwa msichana. Alikuwa Cucu, nyanya yake Murugi, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye shangazi walimwingiza kwa mzaha. Na Cucu alikuwa anasikia baridi. Akapapasa majoho moja moja, namna anavyochagua maharagwe sokoni, akafika kwa la Murugi, akasema hii ndiyo nguo. Murugi akamvulia. Nani angemnyima nyanya yake?

Wakatoka wakiimba, majoho manane. Muriithi akaupita mstari akiwa ameinamisha kichwa, macho chini, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Akafika wa tatu. Akasimama. Akashika mkono uliojificha ndani ya joho.

MC akamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo. MC akauliza tena. Wanawake wakaanza kuchekea viganjani. Joho la mwisho likakohoa. Likakohoa tena, kwa nguvu. Muriithi akanitazama mimi. Nami nikauona uzi kwa macho yangu, mwekundu, mahali pake. Nikamtikisia kichwa kwamba ndiye.

Akachukua kipaza sauti akasema, "Huyu ndiye wangu. Hata mkizima jua nitamjua."

Wakamvua kofia. Cucu akatabasamu kwa jino moja na kusema, "Mimi nimekubali."

Hapo watu walianguka. Mzee mmoja alilazimika kushikiliwa pamoja na kiti chake. Jambo lingeishia hapo kwa faini, lakini Muriithi, kipaza sauti bado kiko mdomoni, akasema, "Lakini uzi uko hapa."

Njoki akainama. Akakunjua pindo. Akakagua yale saba mengine. Kisha MC akaiona lebo, akaisoma kwa sauti, jina na nambari ya simu, mara mbili, akaomba huyo Harun asimame watu wamwone. Nilikuwa tayari nimesimama. Mbele kabisa, kama nilivyoomba. Taa ya Dedan ikanigeukia.

Murugi akalivua joho lake mwenyewe. Hakuwa anacheka. Akasema mwanamume anayehitaji uzi ili amjue, basi na aoe huo uzi. Akaingia nyumbani. Babake akamnyang'anya Muriithi kisu.

Saa mbili nzima wazee walikaa, nyama ya mbuzi ikipoa, Muriithi akiongea na mlango uliofungwa. Sijawahi kuona mtu mzima akiomba hivyo. Niliona haya, na sikujua niweke wapi mikono. Mwishowe Cucu akasema amechoka na ana njaa, na kwamba kijana mjinga anaweza kufunzwa, bora aanze leo. Murugi akatoka. Bega likakatwa. Njoki akaniomba niondoke kabla ya chai.

Jumapili, 10 Agosti

Video ya Dedan imetazamwa na watu laki sita. Laki sita! Nilikuwa nimeomba elfu moja.

Lakini nilipofungua maoni, nikafunga mlango na komeo. Mamia ya watu wamenitumia fuvu la kichwa. Fuvu baada ya fuvu, mengine matatu matatu. Sikujua Cucu anapendwa hivyo. Nikamwambia Nadhira twende polisi kabla hawajafika. Aaliya akaitazama ile simu, akacheka mpaka akakaa chini. Ati maana yake ni kwamba wamekufa kwa kicheko.

Sielewi. Mtu akifurahi, si anatuma tabasamu?

Jumanne, 12 Agosti

Simu inalia tangu asubuhi. Nadhira alikaa nayo akiwa na kalamu, tayari kuandika oda. Wa kwanza alicheka akakata. Wa pili alicheka akakata. Mmoja wa Meru aliuliza kama Cucu ana mume. Mtangazaji wa redio alitaka nimsalimie mtu anayeitwa Uzi. Kufikia adhuhuri Nadhira akaweka kalamu chini.

Gauni la Dedan lilionekana kwenye video kwa sekunde nne, Murugi akiingia nyumbani kwa hasira. Foleni yake leo imepinda kona.

Alhamisi, 14 Agosti

Murugi alirudisha majoho saba. La nane Cucu amekataa kulitoa, analala nalo.

Nikamwomba msamaha. Niliomba vizuri, bila kujitetea, isipokuwa kidogo kuhusu hali ya hewa. Akasema ameshaniachia Mungu. Muriithi naye amepewa mtihani: kila asubuhi aseme mkewe alivaa nini jana. Ameanguka mara tatu. Baadaye nilimwona Muriithi mlangoni kwake akiandika kitu kwenye kiganja. Nikamsalimu. Akaficha kiganja, hakuitikia. Hilo limeniuma kuliko yale mafuvu yote.

Jumatatu, 18 Agosti

Dedan amehamia. Cherehani yake iko dirishani, yangu iko karibu na choo. Wateja wanapita wakimsalimu yeye, wanafika kwangu, wanauliza kama kuna mtu ndani.

Nadhira alinipikia chapati jioni. Hakusema neno juu ya dirisha. Ningependa angesema.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya ajabu.

Saa nne alikuja kijana wa Karatina. Akampita Dedan, akaja hadi nyuma, akainama sikioni mwangu. Ana ngurario Jumamosi. Ameiona video. Akasema, "Ile kitu yako ya alama, bora tu kusikuwe na nyanya." Nikamwambia ahesabu imekwisha.

Saa nane akaja mama mmoja, pia wa Karatina. Naye akaja nyuma moja kwa moja. Ana mpwa anayeolewa Jumamosi na ana habari kwamba bwana harusi anatafuta fundi wa kumwibia siri. Ameona video, anajua hila zangu zote, kwa hivyo anataka niweke alama kwenye joho la mtu mwingine kabisa. Nikamwambia ahesabu imekwisha.

Nilipokuwa naandika oda mbili kwenye daftari ndipo nikaona ni Jumamosi moja, na kijiji kimoja cha Karatina. Nikavua miwani nikaifuta. Nikaivaa tena. Bado kimoja.

Nimefikiria sana. Wote wawili ni wateja, na wote wawili wamempita Dedan wakaja kwangu. Uongo wa kuwa sina wateja umekwisha. Sitawavunja moyo. Nimemwomba Dedan aje Jumamosi arekodi, anielekeze taa vizuri safari hii, na jambo nisilolielewa ni jinsi alivyokubali kabla hata sijamaliza kusema.