Sheria ya Sisimizi kwa Barua za Nje

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wangu wa sita wa majaribio kazini. Ijumaa Mkuu wa Ofisi anaamua kama nitathibitishwa au nitarudi kwa mama. Leo amenikabidhi barua ya mpaka wa kiwanja niipeleke kwa seremala mwenye bata bukini. Bukini huyo alimrarua suruali karani aliyenitangulia. Karani akaacha kazi. Mimi si mwoga. Nina tahadhari tu.

Jumanne, 5 Machi
Suluhisho limepatikana, tena la kisayansi. Nimesoma kitabu cha sisimizi. Vijana hubaki shimoni wakitunza mayai. Wazee ndio hutoka nje kwenye hatari, maana siku zao zimebaki chache. Mayai ni majalada. Kijana ni mimi. Wa kwenda kwa bukini ni Mzee wa Masjala, anayekaribia kustaafu. Nimeandika waraka wa kurasa mbili, na jedwali la umri wa kila mtu, nililolitoa kwenye majalada ya watumishi. Kazi safi. Nimeubandika ubaoni.

Jumatano, 6 Machi
Mzee wa Masjala alisoma jedwali, akafuta miwani, akasoma tena. Kumbe Mkuu, ambaye mzee amemwita "mdogo wangu" miaka kumi na moja, amemzidi miaka miwili. Mkuu alipoingia, mzee akasimama. "Shikamoo, dada." Mkuu akaitikia marahaba huku meno yamebana. Kisha akauliza waraka ni wa nani. Wakati huo nilikuwa nyuma ya kabati, nikitunza mayai.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeitwa. Niliingia kwa kujiamini: kwa sheria yangu, sasa wa bukini ni yeye. Bahati mbaya alikuwa ameusoma waraka mpaka mwisho. Akasema ukurasa wa pili nimeandika mwenyewe kwamba malkia ni mkongwe kuliko wote na hatoki nje. Tena nimeandika kuna askari, wenye vichwa vikubwa, wa kumkabili adui. Akakitazama kichwa changu, akamwita mzee atoe maoni. Mzee akasema hajaona kikubwa zaidi tangu aajiriwe.

Ijumaa, 8 Machi
Barua imefika. Suruali imerudi nusu. Majaribio yameongezwa miezi sita, na barua zote za nje ni zangu.

Kosa nimeliona: nilichagua mdudu asiyefaa. Nyuki dume hulishwa bure na hafanyi kazi yoyote. Anachohitaji ni kuwazidi nyuki vibarua uzito. Nimeazima mizani ya vifurushi. Jumatatu jedwali jipya litakuwa ubaoni, kilo za kila mtumishi. Malkia huwa wa kwanza, kwa hiyo nitaanza na Mkuu.