Majaribio Yaliyoanza Upya Mara 372

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Programu,

Nimepoteza siku tatu za mama yangu mzazi, tangu Jumatatu asubuhi hadi Jumatano saa sita mchana, na hakuna wa kunirudishia. Alisafiri kwa basi saa kumi na moja nzima kuja kuniona, akaishia kukaa kwangu akipiga soga na jirani, kisha akarudi alikotoka. Likizo ya siku hizo ulikuwa umeshaniidhinishia kwa maandishi. Sikuichukua kwa sababu ya tangazo ulilobandika mlangoni: kazi isiyopita majaribio haijaisha, na mwenye kazi isiyoisha haondoki. Majaribio hayo, kwenye kompyuta yangu, hayaishi.

Unanijua, si mtu wa kulalamika. Kuandika programu nilijifundisha mwenyewe nilipokuwa fundi simu, meza moja na koleo mbili, bila cheti cha mtu. Fundi hapigi kelele kabla hajapima. Sasa nimepima.

1. Jumatatu ulituletea utaratibu mpya: majaribio yote 213, yanayokagua kila kipande cha programu yetu, yajiendeshe yenyewe bila kuamriwa. Mzunguko mzima unahitaji dakika sita. Wangu hufika dakika ya tano, jaribio la 177 hivi, halafu hurudi mwanzo kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Asubuhi ile mzunguko ulirudi mwanzo mara mbili nikiwa bado narekebisha kazi yangu. Nikasema hapa kuna jambo.

2. Nikafungua faili la ushahidi ndani ya folda ile ile ya kazi, ili ushahidi ukae karibu na kosa. Kila baada ya dakika tano naandika saa na namba ya jaribio, nahifadhi, naendelea kutazama. Hata chakula cha mchana nakula mezani. Siku nne, saa nane kwa siku, ukitoa saa moja nitakayoieleza, ni maandishi 372. Majaribio nayo yameanza upya mara 372, ukiacha zile mbili za mwanzo. Tangu nianze kufanya hesabu sijaona ushahidi unaolingana na kosa namna hii.

3. Saa moja hiyo ni ya Jumatano, nilipokimbia kituoni kumsindikiza mama. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo majaribio yana homa hata yasiachwe peke yake?" Nikampandisha kwenye basi. Niliporudi nilikuta mashine imetulia tuli. Nikaandika kwanza, kama inavyopasa: "Saa saba na dakika tano, kimya." Nikahifadhi. Nilipoinua macho nisome matokeo, yalikuwa yameshaanza tena. Huo ni ujeuri wa wazi. Nikiwa sipo inatulia. Nikiketi tu, inanianza.

4. Jirani yangu wa meza, ambaye haandiki ushahidi wowote, majaribio yake huisha. Hupita nyuma yangu na kikombe mkononi akisema, "Fundi, chunga vizuri, yasikupotee." Naomba aulizwe, kwa maandishi, inakuwaje asiyefuatilia kitu apate matokeo kabla ya anayekifuatilia.

Kwa hiyo naomba kompyuta yangu ipewe onyo rasmi, na nakala iwekwe kwenye jalada lake. Kwa kuwa dakika tano hazijatosha kuinasa, naomba kitengo kizima, watu kumi na wawili, tuandike ushahidi kila dakika mbili katika folda hiyo hiyo, kwa muda wa mwezi mmoja, hadi mwenye kosa ajulikane. Na wewe umwandikie mama yangu barua kwa mkono wako, umweleze ni nani aliyemzuia mwanawe. Usiposomeka mwandiko, atanipigia mimi simu, na mimi nitakuja kwako.

Leo ni Ijumaa. Basi la kwenda kwa mama linaondoka saa tisa alasiri, na kazi yangu bado haijapita. Nahitaji jibu la moja kwa moja kabla ya saa nane: naondoka au siondoki?

Barua hii nimeihifadhi katika folda ya kazi, aya baada ya aya, isije ikapotea.

Wasalimie wote wa ghorofa ya juu, na walio nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo. Sisi wa huku chini hatujambo, isipokuwa mashine.

Wako katika vipimo,
Fundi wa meza ya dirishani

Nyongeza: Jirani yangu ameisoma barua hii begani kwangu, akacheka hadi akatafuta pa kuweka kikombe. Anasema utaratibu wako unaangalia folda ya kazi: faili lolote likihifadhiwa humo, majaribio huanza upya. "Fundi," akasema, "unayaamsha mwenyewe, halafu unaandika kwamba hayalali." Nimehamishia ushahidi na barua kwenye folda nyingine. Baada ya dakika sita yakaisha. Malalamiko yote manne nayafuta, na kompyuta naiomba radhi. Majaribio 213 yamepita, kazi yangu yote ikiwemo. La 214, uliloliongeza wewe leo asubuhi kukagua kipande chako, limeshindwa. Basi nijibu kabla ya saa nane: kati yetu, nani anayebaki?