Kabati Lisilo na Msumari Hata Mmoja

Jumapili, 6 Julai

Rozina ameondoka. Kapanda gari la Chala kwenda kwa mama yake, na begi moja na mto wake wa kulalia. Mke akibeba nguo, atarudi. Akibeba mto, hapo kuna jambo.

Chanzo ni shelfu. Shelfu moja tu! Niliipigilia mwenyewe, misumari minne ya inchi tatu, na mimi ndiye seremala wa siku nyingi kuliko wote hapa Kasense. Jana wakati wa chakula cha mchana ikaachia, ikashuka na sahani kumi na mbili za send-off yake, bakuli la mchuzi na picha ya Bikira Maria. Picha ilipona. Nilimwambia Rozina tushukuru kwa hilo. Sasa naona haukuwa wakati wake.

Jioni ameniandikia ujumbe. Anarudi Jumamosi pamoja na mjomba wake Zenon. Akikuta kabati la vyombo limesimama, lina shelfu nne zilizochomekwa ndani ya mbao bila msumari hata mmoja, atabaki. Asipolikuta, mjomba atabeba cherehani, yeye atabeba vilivyobaki.

Miaka kumi na moja ya ndoa! Nimekula kiporo peke yangu, na upepo unapita chini ya mlango. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, siipendi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wenzangu wanapumzika, mimi naokoa ndoa.

Shelfu isiyo na msumari hukaa kwenye mfereji. Unachimba mfereji kwa kuukatisha ubao wa ubavuni, unachomeka shelfu, basi. Kazi ya kuchimba ni ya ruta, na ruta ninayo, niliibadilisha na baiskeli mwezi wa tano. Mashine kali. Nimeiwasha, nikaishika kwa mikono miwili, nikasali nusu ya Salamu Maria, nikaisukuma.

Ilianza vizuri. Katikati ya ubao ikaona kitu upande wa kushoto, ikaenda kukiangalia. Mfereji wenyewe sasa ni kama barabara ya kuteremkia Kaoze, kona zote zipo.

Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni kwake anakunywa chai. Huyu ni seremala aliyetoka Mbeya mwaka juzi akafungua karakana ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yangu. Hakucheka. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya, hacheki. Akanieleza kwa upole kwamba ruta haiendi bila kigezo, yaani fremu ya kuiongoza isitangetange. Akasema kwa leo nibane tu ubao mmoja ulionyooka, niegemeze ruta hapo, kazi kwisha.

Ubao mmoja! Mimi si mtoto. Yeye mwenyewe ana kigezo cha mbao mbili, kinafunguka na kujifunga, kimepigwa msasa na kutundikwa ukutani kwa heshima zote. Nimekiona. Halafu mimi ananipa ubao mmoja. Anaficha kitu.

Jumanne, 8 Julai

Siku nzima nimechagua kigezo. Nimetazama video ishirini na mbili kwenye simu. Mzungu mmoja ana cha aluminiamu, kina namba pembeni na vishikizo vyekundu. Nimekipenda mpaka nikakosa hamu ya kula. Nimempigia muuzaji Dar es Salaam, akasema kwa basi kitanifikia Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu nitakuwa mseja. Akanipa pole, akauliza basi aandike oda au aache.

Mchana nikabuni cha kwangu. Chaga mbili za kitanda (silali tena upande ule), bawaba za mlango wa choo na mpira wa kufungia mizigo. Nimekipa jina langu: Vitus Namba Moja. Kufunguka kinafunguka vizuri sana. Kujifunga kinajifunga kikitaka. Kilitaka wakati kidole gumba changu kiko katikati.

Hapo ndipo Mama Fortunata, jirani wa nyuma, alipoingia kuulizia meza yake ya tangu Pasaka. Akanikuta nimepiga magoti nakisihi kigezo kwa sauti. Akaniambia nisione haya, hata shemeji yake alisali hivyo hivyo alipokimbiwa. Nilipomweleza kwamba nachagua kigezo, akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kweli, mimi si mkulima. Akasema analijua hilo, ameyaona mahindi yangu.

Akaondoka. Kidole hakukifungua.

Jumatano, 9 Julai

Mpango! Nimeamka nao kichwani, umekamilika.

Kila Alhamisi saa tisa alasiri Ambakisye huenda mazoezi ya kwaya kanisani kwao Moravian. Anaimba besi. Karakana haifungi, anarudishia mlango tu, kwa sababu anaamini watu. Kosa lake. Muda huo unatosha kukichukua kile kigezo, kuchimba mifereji yangu minane na kukirudisha ukutani. Huo si wizi. Mwizi harudishi.

Leo nilikwenda kupeleleza, nikajifanya naazima tupa. Ambakisye akakitungua kigezo bila hata kuombwa, akaanza kunifundisha. Sikusikiliza sana, nilikuwa nahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka ukutani. Ni kumi na moja. Nilichoambulia ni kwamba hakina namba kwa sababu kipimo chake ni ubao wenyewe. Unausimamisha ubao wa shelfu katikati ya zile mbao mbili, unakaza, unautoa, na upana wa mfereji unakuwa unene wa ubao ule ule. Kwa sasa, akasema, amekikaza kwa mbao zake nene za mkongo, za kabati la mteja. Nikasema hongera.

Maneno mengi kwa kitu kidogo.

Jioni nimepiga randa mbao zangu za mninga. Mara tatu kila upande, halafu mara moja zaidi kwa mapenzi. Rozina anapenda kitu laini.

Alhamisi, 10 Julai

Mungu yupo!

Saa tisa na dakika tano Ambakisye alitoka na kitabu chake cha nyimbo. Saa tisa na dakika saba kigezo kilikuwa chini ya koti langu. Mama Fortunata akapita, akaniuliza mbona kifua kimekuwa cha pembe nne. Nikamwambia ni mazoezi.

Jamani, kile kigezo! Ruta ilitembea humo bila kugeuza shingo. Mifereji minane, minyoofu, ya kina kimoja. Nilipitisha kidole ndani nikalia kidogo. Sioni aibu kuliandika hili. Nilimwona Rozina kabisa, anapanga sahani, ananiita kwa jina langu na si kwa kunielekezea kidevu.

Kabla ya saa kumi na nusu kilikuwa kimerudi kwenye msumari wake. Baadaye nimekumbuka kwamba nimekitundika juu chini, lakini nani anaangalia mambo kama hayo?

Nimetuma ujumbe Chala kwamba kabati tayari. Rozina amejibu: Tutaona. Neno moja, lakini ni lake.

Ijumaa, 11 Julai

Sielewi.

Asubuhi nimeunganisha kabati, nikachomeka shelfu ya kwanza. Ikaingia yenyewe. Nikafurahi. Kisha ikatoka yenyewe. Ya pili ikachezacheza humo kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Zote nne hivyo hivyo! Mifereji imezidi mbao zangu kwa unene wa punje ya hindi. Nimetafakari chanzo kwa muda mrefu. Nadhani ni baridi.

Chupa ya gundi nimeikuta imekauka. Mwenye duka la vifaa kaenda msibani. Misumari ni marufuku. Nikakaa kwenye stuli nimeshika tama, mbele yangu ugali wa ulezi uliobaki jana. Nikaubonyeza. Ukakataa.

Hapa ndipo mtu mwenye kipaji anapoachana na fundi wa kawaida. Nani katika Ufipa hii hajui kwamba ugali wa ulezi ukikaukia sufuriani unaubandua kwa patasi? Na rangi yake, ukiutazama kwa nia njema, ni ya mninga! Nikasonga sufuria nzima, mgumu. Nikaushindilia kwa kisu mifereji yote minane, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji. Shelfu zikatulia. Nikaweka tofali juu ya kila moja, hakuna iliyotikisika. Ambakisye hawezi kufikiria jambo kama hili. Kwao ni wali na ndizi, huwezi kujengea kitu.

Nimelitoa kabati nje likaukie kwenye upepo. Ambakisye amesimama ng'ambo akilitazama kwa muda mrefu. Wivu.

Jumamosi, 12 Julai

Rozina alifika saa nne asubuhi na mjomba Zenon. Nikampa mzee shikamoo, akaitikia marahaba macho yake yakiwa kwenye kabati. Lilikuwa limependeza. Rozina akapitisha kiganja kwenye ubao, akasema taratibu kwamba ni laini. Nilitamani kumshika mkono. Mjomba akaingiza kichwa ndani, akanusa, akaniuliza kama hili kabati limepikwa. Nikamwambia ndiyo harufu ya mninga.

Rozina akaleta vyombo vilivyosalia, akavipanga kimoja kimoja. Akarudi nyuma hatua mbili kuviangalia, na uso wake ukaanza kulegea. Kidogo tu tena!

Ndipo kuku walipokuja.

Kuku saba wa Mama Fortunata, jogoo mbele. Hawakugombana, kila mmoja alichagua mfereji wake na kuanza kudonoa. Nikawafukuza kwa kofia. Jogoo akaona njia ni juu, akarukia shelfu ya nne. Ya nne ikaiangukia ya tatu, ya tatu ikaiangukia ya pili, na sitaki kuandika zaidi. Mjomba Zenon akaokota kipande cha ugali, akakionja, akasema haukuiva. Kisha akaingia ndani kuchukua cherehani.

Rozina hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kizingitini ameshika kikombe kisicho na mkono, akasema hakuwahi kutaka kabati. Alitaka kuona kitu kimoja, chochote, nilichokifanya kwa njia iliyonyooka mpaka mwisho. Nikapiga magoti, nikaanza kuokota vigae na kuvitia kwenye kofia.

Ambakisye akavuka barabara na mbao nne begani. Akamwamkia mjomba, akamwomba kwa heshima aitue kwanza cherehani. Mimi hakuniangalia. Akakwangua mifereji kwa patasi, akachomeka ubao wa kwanza. Ukaingia kwa kubanwa, ukatulia. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Akakalia shelfu ya chini, na ni mtu mnene.

Akamweleza Rozina kwamba Alhamisi alikikuta kigezo chake juu chini, kina vumbi la mninga, na yeye wiki nzima anafanyia kazi mkongo. Akajua kuna mifereji mahali fulani Kasense inayofaa mbao zake tu. Jana akakadiria urefu kwa macho, akazikata. Alikuwa anangoja niombe.

Niombe! Ningejua kwamba kuomba ni njia, ningekwishaitumia.

Rozina akamtazama Ambakisye, akanitazama mimi, akawatazama kuku. Akaanza kucheka kwa puani, halafu mwili mzima, mpaka mjomba naye akaketi juu ya cherehani akajifuta macho. Alipomaliza akatoa sharti. Atabaki. Lakini kuanzia Jumatatu nakwenda kwa Ambakisye kama mwanafunzi, miezi mitatu, na kufagia ni juu yangu. Ambakisye akakubali. Akasema tutaanzia kwenye kupima.

Nimekubali mbele ya mashahidi. Ningekubali hata mwaka.

Jumapili, 13 Julai

Rozina amekaa pembeni yangu kanisani, bega kwa bega. Nimeimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nina furaha, niliandike tu wazi: nina furaha.

Baada ya misa katekista Eustaki akanivuta kando. Kasikia nakwenda kusomeshwa useremala na Ambakisye, je, ni kweli? Watu walikuwa wamesimama karibu. Nikamsahihisha. Nikamwambia kilichotokea ni kwamba biashara imepanuka, nimefungua tawi ng'ambo ya barabara, na Ambakisye ndiye niliyemweka alisimamie.

Eustaki akafurahi sana, akakimbia kumwambia paroko. Paroko akaja mwenyewe, akanishika mabega. Kumbe sakristia inahitaji kabati la mavazi. Droo kumi na sita, milango ya kuteleza, pasipo msumari, na askofu anakuja Jumapili ijayo. Akaniuliza kama matawi mawili yataweza. Nikamwambia hata moja lingetosha.

Njiani Rozina kaniuliza paroko alikuwa anataka nini. Nimemwambia ananipongeza kwa unyenyekevu.

Kesho saa moja asubuhi naripoti kwa Ambakisye. Nimeshamwandikia orodha ya kazi zake za wiki, nzuri, kwa kalamu nyekundu, na ya kwanza ni kufagia.