Plamedie Aingie Darasa Gani?

Jumatatu, tarehe 18 mwezi wa nane

Leo nimefungua shule! Mimi Prudent, fundi wa radio hapa Lumumba, mjini Bunia, tangu asubuhi ni mkurugenzi. Mwanafunzi mmoja: Plamedie, miaka saba, mtoto wa dada yangu Vicky. Darasa, ofisi na uwanja wa michezo: chumba changu cha kazi. Nimeandika kwenye ubao kwa rangi nyekundu COMPLEXE SCOLAIRE PRUDENT. Rangi imeniishia katikati ya jina, inasomeka PRUD. Si kitu. Wanaonijua watanijua.

Sababu ni hii. Vicky na mtoto walikuja kwangu mwezi wa tano kutoka upande wa Djugu, wakikimbia vita, mali yao yote kwenye kitenge kimoja. Plamedie alishaanza shule mara mbili, na mara mbili ikakatika. Sasa Madame Claudine, directrice, mkuu wa shule ya nyuma ya kanisa, amesema Jumatatu ijayo atampima mwenyewe, aamue kama ataingia mwaka wa kwanza au wa pili. Première au deuxième. Vicky amepanda lori asubuhi kwenda Komanda kununua mawese ya kuuza. Ameniachia kazi mbili tu. Nimfundishe mtoto polepole, kwa kiwango chake. Na nimpeleke kwa msusi kabla ya mtihani, pesa ya nywele ndiyo hii.

Kiwango chake! Nani anakijua? Mtoto hasemi. Tangu afike ni "ndiyo, Noko" na "hapana, Noko", basi. Noko ni mimi, ndugu ya mama yake.

Jioni Baudouin amenisimamisha kwenye ua. Baudouin ni jirani, mwenye mashine ya kusaga, na hajawahi kunisalimia bila kunizidi kitu. Amesema mtoto wake Gaël, naye miaka saba, anaingia deuxième, lakini akili yake imeshafika troisième, mwaka wa tatu. Kisha akamwita Gaël aje anisomee jedwali la mara saba. Mtoto ameisoma yote bila kupumua! Nimepiga makofi. Mikono iliniuma.

Nimeapa. Plamedie ataingia deuxième. Na akili yake itakuwa quatrième, mwaka wa nne.

Jumanne, tarehe 19

Nimenunua kitabu cha quatrième sokoni, kwa pesa ya nywele. Nimefikiri vizuri: nywele zinaota zenyewe, akili haioti yenyewe. Hakina jalada, kinaanza ukurasa wa kumi na moja. Safi, tumeokoa kurasa kumi! Plamedie amekigeuza, amekipekua, amenitazama. Kidole chake kimetafuta ukurasa wa kwanza, hakikuuona. Nimemwambia hapa shuleni kwetu hatuangalii nyuma.

Nimevaa miwani aliyoisahau mteja na kushika rula. Nimesimama mbele yake. Nimemwuliza mto mkubwa wa nchi yetu unamwaga maji yake wapi. Kimya. Nimemwuliza kumi na mbili mara nne. Kimya. Anatazama vidole vya miguu.

Na nyuma ya ua, viatu vya Baudouin! Nimeviona chini ya mabati. Anasikiliza! Ningefanya nini? Nimejijibu mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya mtoto. Arobaini na nane, Bwana Directeur! Kisha nimejisifu kwa sauti yangu. Tumeendelea hivyo muda mrefu, mimi na mimi, bila kosa hata moja.

Baudouin ameuliza kwa nguvu kama mutoto ule iko na mafua, ao sauti yake imekwisha kuota ndevu.

Jumatano, tarehe 20

Siku mbaya. Nimerudisha kitabu sokoni, nimepewa cha troisième. Kimya. Nimekibadilisha na cha deuxième. Kimya. Cha première. Kimya. Muuza vitabu ameniuliza kama nafanya mazoezi ya miguu. Mara ya mwisho amenipa bure kitabu cha maternelle, cha watoto wanaonyonya bado. Nimemwonyesha Plamedie picha ya bata. Nimegonga bata kwa rula. Huyu ni nani? Ametetemeka, amefunga mdomo.

Kwa siku moja tumeshuka madarasa yote mpaka chini. Nchi hii haina mwanafunzi aliyerudi nyuma kwa mbio hivyo.

Jioni sikutaka kula. Nimeogopa kweli, si kwa ajili ya Baudouin. Nimejiuliza kama huko walikokimbia mtoto aliacha kila kitu, na maneno pia. Nimekaa tu na sahani. Basi Plamedie amechukua kipande chake cha samaki, kile kikubwa, ameniwekea mimi. Nimekula, nimeona aibu, nimempenda sana.

Ijumaa, tarehe 22

Mpango mpya! Sijui kwa nini sikuufikiria mapema. Nikikohoa mara moja, jibu ni ndiyo. Mara mbili, ni hapana. Kwa hesabu nitakohoa idadi yenyewe. Madame Claudine atamhurumia mzee mgonjwa, hatashuku.

Tumefanya mazoezi tangu asubuhi. Tatu na nne, nimekohoa saba. Nane na tisa, nimekohoa mpaka nikaona nyota. Mteja aliyekuja na radio ameishika akaondoka nayo. Mama wa mashineni kwa Baudouin amenitumia tangawizi. Plamedie amenisugua mgongo kwa mkono wake mdogo. Na amecheka! Mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Amefunika mdomo haraka, lakini nimeona meno.

Basi nimekohoa tena, bila hesabu yoyote.

Jumamosi, tarehe 23

Vicky amepiga simu kutoka Komanda. Ameuliza kama nywele zimesukwa. Nimesema zimesukwa, vizuri sana, watu wanageuka barabarani. Ameshukuru Mungu. Nimekata simu, jasho linanitoka.

Pesa ya msusi iligeuka bata. Nitasuka mwenyewe! Nimejiambia: Prudent, umezungusha waya wa shaba kwenye koili miaka yote hii, utashindwa na uzi mweusi? Nimemkalisha Plamedie kwenye kigoda, katikati ya magoti yangu, amenipa mgongo. Nimeanza kuzungusha. Msuko wa kwanza umesimama wima kama antena. Wa pili umeelekea Komanda.

Ghafla sauti. Ndogo, lakini safi. Plamedie alikuwa akitazama ukuta, pale nilipobandika tangazo la wateja. Akasoma: "Radio isiyochukuliwa kwa miezi mitatu itauzwa. Kulia hakutasaidia." Akauliza bila kugeuka:

"Noko, nani alilia?"

Uzi umeniponyoka! Nimejibu, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea, kwamba alikuwa mchungaji mmoja. Nimeendelea kuzungusha. Yeye naye ameendelea. Amesoma katoni ya sabuni. Amesoma kalenda. Ameniambia upande wa kushoto nimesuka saba na kulia tano, kwa hiyo niongeze mbili, la sivyo kichwa kitalala upande. Mtoto huyu anasoma! Anahesabu! Ila usimkalie mbele, usimtazame machoni, usishike rula. Mungu nisamehe ile rula. Nimeivunja kwa goti, polepole, asisikie.

Nimemwambia basi ni deuxième, bila kukohoa! Akanyamaza. Nikafikiri nimeharibu tena. Kisha akasema yeye anataka première. Mikono yangu ikasimama. Nikamwuliza kwa nini, mtu anajua kusoma hivyo.

Amesema kule kijijini walianza, wakafika katikati ya kitabu, wakakimbia. Kwenye kambi mwalimu akaanzia katikati, kisha mwalimu naye akaenda. Hajawahi kuona mwisho wa kitabu. "Mi nataka nianze ku mwanzo, Noko. Nifike ku mwisho. Kisha nikifunge."

Nimemaliza zile nywele vibaya sana. Sikuona vizuri.

Jumapili, tarehe 24

Kanisani Baudouin amemsimamisha Gaël mbele ya kiongozi wa kwaya, ataje miji mikuu ya nchi za watu. Miji mikuu! Kisha ameziangalia nywele za Plamedie na kuniuliza kama zinashika stesheni za Kampala.

Nimefikiri kuanzia sala ya kwanza mpaka sadaka. Mtoto ni mtoto. Hajui faida yake. Mtu mwenye akili ya deuxième haketi na wale wa a, e, i. Kesho nitamgeuza ampe Madame mgongo, atasoma kila kitu, ataandikwa deuxième, na siku akiwa waziri atanishukuru. Nimeshaandaa hata sentensi ya kumwambia Baudouin. Nitaisema juu ya ua, nikipita tu, kama mtu aliyesahau kwamba ni habari.

Neno la première sikulisikia. Imekwisha.

Jumatatu, tarehe 25

Ofisi ya Madame Claudine. Amemkalisha Plamedie mbele yake, ameuliza kwa upole. Kimya. Vidole vya miguu. Nimekohoa kwa mazoea, Madame amenipa maji.

Basi nimeomba ruhusa nimrekebishie mtoto msuko mmoja uliolegea. Uzi ulikuwa mfukoni. Nimemgeuza, amempa Madame mgongo, nimeanza kuzungusha. Nimemnong'oneza Madame aulize sasa, kama mtu anayezungumza na ukuta. Amenitazama kama anayetafuta mlango. Lakini ameuliza.

Plamedie amesoma sheria zote za shule zilizobandikwa ukutani. Amesoma tangazo la chanjo mpaka chini kabisa. Amejumlisha, ametoa, amemwambia Madame kwamba saa yake ya ukutani imesimama. Madame amevua miwani. Amesema hapa hakuna maswali, ni deuxième, na ni deuxième ya mbele. Ameshika kalamu.

Deuxième! Nimeuona uso wa Baudouin, nimeuona wote. Sentensi yangu ilikuwa tayari.

Shingo ya Plamedie ilikuwa mbele yangu, na ilikakamaa. Hakugeuka. Alishazoea watu wakubwa waamue pa kuanzia, kisha waondoke.

Nimefungua mdomo niseme merci, asante nyingi. Nimesikia mtu anasema tafadhali, Madame, andika première. Mtu huyo alikuwa mimi!

Madame ameniuliza mara mbili. Amesema wazazi wanamletea kuku ili watoto wapandishwe, na hajawahi kumwona mmoja anayeomba mtoto ashushwe. Nimemwambia simshushi. Nimemwambia kila kitu alichoanza kilikatwa, na sasa anataka kuanza kitu tangu mwanzo na kukimaliza yeye mwenyewe. Madame ametazama mgongo ule mdogo. Kisha ameandika première.

Barabarani Plamedie ameshika vidole vyangu viwili. Nimemwambia ameniua, kwamba Baudouin atanicheka mpaka kaburini. Amesema "ndiyo, Noko". Nimelia, mtu mzima, mbele ya madereva wote wa pikipiki. Sioni haya.

Alhamisi, tarehe 28

Vicky amerudi. Ameziona nywele. Ameniita majina ambayo sijayasikia tangu enzi za marehemu mama. Kisha nimemweleza habari ya première, na mtoto alivyosema. Vicky amekaa juu ya bidoni la mawese. Baadaye amemvuta Plamedie, ameanza kufumua uzi wangu mmoja mmoja, akilia na kucheka pamoja, akisema huyu Noko wako, huyu Noko wako.

Baudouin ameuliza darasa. Nimemwambia. Amecheka, kama nilivyotabiri, ameshika tumbo. Lakini jioni ameninyooshea juu ya ua mfuko wa shule wa Gaël wa mwaka wa kwanza, umefuliwa, na ndani ardoise mpya, ubao mdogo wa kuandikia. Amesema unamjazia nafasi tu nyumbani. Dharau hiyo! Nimeuchukua kabla hajabadilisha mawazo.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tisa

Siku ya kwanza. Nimefunga kazi, nimemsubiri barabarani tangu kabla ya kengele. Amekuja mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amesimama mbele yangu, ananitazama machoni, na mdomo haufungiki! Wamejifunza a. A tu, asubuhi yote. Ameandika a ndogo, a kubwa, a ya kwenye mstari. Mwalimu amefungua kitabu ukurasa wa kwanza kabisa, wote wameona. Nimesikiliza habari ya herufi moja kuanzia barabarani mpaka nyumbani, na sijawahi kufurahi hivyo maishani mwangu.

Nimemwuliza kesho ni nini. Kesho ni e. Nimemwambia kwa upole tu, kama wazo lililopita lenyewe, kwamba tukiigusa e leo, dakika moja, kesho atakuwa mbele ya wote. Ameniwekea mkono begani, kama watu wanavyomfanyia mgonjwa. Amesema e ni ya kesho, Noko.

Ana haki. Ana haki kabisa! Mtoto aende kwa mwendo wake. Nimemwomba radhi, na ametoka kwenda kucheza na Gaël.

Ardoise imebaki mezani. Upande wa mbele sikuugusa, nisije nikafuta a zake. Nyuma, kwenye kona, nimeandika e moja ndogo. Ilionekana peke yake, nikaiwekea i. Kisha o na u, maana zinatembea pamoja. Palibaki nafasi kidogo chini, nimemaliza na jedwali la mara mbili, mpaka kumi. Nimeirudisha kwenye mfuko wake wa shule taratibu. Kama macho yake yatapita pale kwa bahati tu, mimi nitafanya nini? Mimi si mwalimu wake tena.