Mama wa Kuazimwa

Leo nimefedheheka, wenzangu. Tena si kichochoroni. Ni mbele ya ukumbi mzima, na kanda inazunguka!

Mnajua watu wa redio wako hapa Malindi. Asubuhi nikasikia kuna shindano la maswali baina ya familia mbili, katika ukumbi wa shule, kuingia bure, na zawadi ni cherehani. Nikavaa buibui langu jipya nikamburuta mume wangu Athmani. (Kumtoa kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa ni kama kumng'oa jino.) Wanafunzi wangu wa gumbaru nao walishajaa safu ya mbele, watu wazima ninaowafundisha kusoma.

Hatujakaa sawa, akatokea bwana mmoja jasho likimtiririka, kavaa vidude vya kusikilizia masikioni. "Mama wa familia ya kwanza anaumwa na tumbo! Nani atakaa mahali pake?"

Mama Kadzo, mwanafunzi wangu wa kutoka Kakuyuni, akaruka. "Mwalimu yuno hapa! Yeye ajua kila kitu!"

Nikapanda jukwaani. (Wala sikubembelezwa.) Nikakalishwa kando ya mwanamume mnene, akaniita "mke wangu". Nikashtuka. Nikamtazama Athmani, naye akanitazama. Bwana wa masikio akaninong'oneza, "Mama, ukiulizwa, wewe sema 'Sijui' tu."

Sijui? Mimi? Nikadhani nimesikia vibaya.

"Mama," akaanza mwuliza maswali, "mwaka una miezi mingapi?"

Mama Kadzo kanitolea macho. Juzi tu tumeihesabu pamoja. "Kumi na miwili!"

"Simamisha!" Kanda ikarudishwa nyuma. "Mama, nimekwambiaje?"

"Lakini ndilo jawabu!"

"Najua ndilo jawabu!"

Nikazidi kupotea. Swali la pili: jua huchomoza upande gani? "Mashariki!" Wanafunzi wangu wakapiga makofi. "Simamisha!"

Yule mnene akajifuta uso. "Dada," akasema kwa upole, "huu ni mchezo wa kuigiza. Kichekesho. Familia yetu ni ya wajinga, lazima ishindwe. Yote yameandikwa." Akanionyesha karatasi. Kweli, yameandikwa, mpaka pa kukohoa.

"Kwa hivyo hakuna shindano?"

"Hakuna."

"Na cherehani ile pale mezani?"

"Ya kuazima."

Nikaona haya! Nikaapa moyoni: sasa nitasema "Sijui" hata nikiulizwa kama nina pua.

"Tunaanza upya, toka mwanzo kabisa," akasema bwana wa masikio. Mimi sikujua kwamba mwanzo kabisa ni sisi kujulishwa kwa wasikilizaji. Kanda ikazunguka.

"Karibu, mama! Hebu tuambie, jina lako nani?"

"Sijui."

Mwuliza maswali akapekua karatasi zake. "Eee... una watoto wangapi?"

"Sijui."

"Basi mumeo je? Ndiye yupi?"

Hapo ningemgusa tu yule mnene, mambo yakaisha. Lakini Athmani yuko kule nyuma! Nimnyoshee kidole mwanamume mwingine naye anaona? Nikafumba macho. "Simjui!"

"Ati humjui?" Athmani kapanda juu ya benchi. "Miaka kumi na minne, Mwanaisha! Hilo buibui alokununulia nani?"

Watu wakavunjika mbavu. Mama Kadzo alicheka hata akakaa sakafuni. Nikashuka mbio, nikafungua mlango wa kwanza niliouona, nikajikuta ndani ya stoo ya mipira na chaki. Hakuna pa kutokea. Ikabidi nirudi nipite katikati ya watu wote wale, buibui jeusi limekuwa jeupe kwa vumbi la chaki.

Bwana wa masikio akanifuata hadi nje, meno yote nje. "Mama, hiyo hatuigusi! Imeshinda tuliyoandika sisi!"

Nyumbani nikampikia Athmani wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akala wote. Akanawa mikono, akasema kwa adabu kubwa, "Ahsante, bibi. Sijui jina lako." (Hapo nilijua tutapatana, lakini si leo.)

Kipindi kitatangazwa Jumamosi baada ya taarifa ya habari. Wenzangu wenye redio, nawaomba kwa hisani yenu: siku hiyo wote mwambiane betri zimekwisha.